Usiache Mbachao: Malazi ya Msafiri wa Miguu



Juma lililopita, jioni, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Majengo, akanijia kijana mmoja karani, mtoto wa jirani, amebeba blanketi jipya begani. Lilikuwa blanketi nene lenye picha ya simba, na uzito wake ulimwinamisha shingo. Akasema, "Shikamoo, mzee. Mwaka huu nimetia nia ya kwenda Namugongo kwa miguu, mimi na mama na wenzetu wa kanisani. Nasikia njiani kuna baridi kali. Je, blanketi hili litatufaa?"

Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Keti kwanza." Blanketi lilikuwa zuri, wala sikutaka kumvunja moyo. Lakini ilinibidi kumwambia kweli, kwamba amenunua kitu cha pili kabla ya kununua kitu cha kwanza. Na kwa kuwa wako wengi wanaojitayarisha kama yeye, nimeona yafaa niyaandike hapa yale niliyomweleza.

Wasioijua safari hii na wajue kwamba Namugongo ni mahali karibu na Kampala, ambapo tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga kwa ajili ya dini yao. Wakatoliki 22 miongoni mwa mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, na Waanglikana nao huwakumbuka mashahidi wao 23. Kila mwaka, ifikapo tarehe hiyo, mahujaji wengi sana hukusanyika huko, na baadhi yao hutoka Kenya kwa miguu.

Kutoka Nairobi hadi Kampala kwa barabara ni kadiri ya kilomita 650. Mtu aendaye kilomita 30 kwa siku atatumia siku zipatazo 22, na akitaka siku za kupumzika hana budi kuondoka mapema mwezi wa Mei, wakati mvua za masika hazijaisha. Akishika njia ya Eldoret, kadiri ya siku ya nane au ya tisa atafika Timboroa, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,700. Hapa Nairobi tuko chini ya hapo kwa kadiri ya mita 1,000, nasi hulalamika baridi ya Julai tukiwa vitandani! Huko Timboroa msafiri hulala juu ya sakafu ya kanisa au ya shule, mwili umechoka na nguo zimelowa.

Mimi mwenyewe nilikwenda safari hii miaka kadhaa iliyopita, na usiku wa Timboroa sitausahau. Tulilala katika darasa lenye sakafu ya saruji, baada ya kunyeshewa tangu adhuhuri. Nilikuwa na mablanketi mawili mazito na mkeka mmoja wa ukindu. Nikatandika mkeka, nikajifunika mablanketi yote mawili, nikajiona tajiri. Haikupita saa moja, mgongo wangu ukawa kama umelazwa juu ya bamba la chuma. Kila nilipogeuka, upande wa chini uliganda.

Lakini yangu yalikuwa madogo. Mwenzetu mmoja, mtu wa makamo, alilala na nguo zake mbichi kwa sababu alikuwa amechoka mno. Usiku wa manane alitetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka, nasi tukafurahi tukidhani kwamba amepata joto. Kumbe hiyo ndiyo hatari yenyewe. Tulipomsemesha alijibu kwa ulimi mzito kama wa mlevi, na tochi tuliyompa ashike ikamponyoka mkononi. Mmoja wetu akataka kuingiza jiko la makaa na kufunga madirisha. Mama mmoja mzee akakataa katakata. Akatuamuru tumvue mgonjwa nguo mbichi, tumvike kavu, tumlaze kati ya watu wawili juu ya mablanketi yaliyokunjwa, tumfunike kichwa; na alipoweza kumeza sawasawa, tumpe chai yenye sukari nyingi. Kulipopambazuka tukampeleka zahanati. Alipona, lakini safari yake iliishia hapo.

Mama yule alituokoa mara mbili. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na watu hulala wasiamke tena. Wasomaji, jiko lisiingizwe mahali pa kulala hata kama baridi ni kali namna gani. Pombe nayo isinywewe kwa ajili ya kutafuta joto, maana huleta damu kwenye ngozi, ukaona joto la uongo huku mwili ukizidi kupoa ndani.

CHA KUTANDIKA

Jambo la kwanza, ambalo wengi hawalijui, ni kwamba baridi ya usiku hutoka chini kuliko juu. Blanketi halina moto ndani yake. Kazi yake ni kuzuia hewa iliyotulia karibu na mwili, na hewa hiyo ndiyo ihifadhiyo joto. Sasa ukililalia blanketi, uzito wako huikamua hewa yote, na ardhi hulinyonya joto lako usiku kucha. Kwa hiyo fedha ya kwanza itumike kwa kitu cha chini.

Kilicho bora ni mkeka wa sponji ngumu unaoviringishwa, ambao si mzito kufikia hata nusu kilo. Angalia usije ukauziwa sponji ya godoro, kwa maana hiyo hunywa maji. Chukua kipande, kibane ndani ya maji, ukitoe na kukikamua. Kikitoa maji kama kitambaa cha kudekia, kiache. Asiyeweza kununua na atafute maboksi makavu, ambayo huko Gikomba hayakosekani, ayatandike mara mbili au tatu chini ya mkeka wake. Haji mmoja, jirani yangu, aliniambia kwamba katika usiku wa Muzdalifa, ambapo mahujaji hulala chini ya mbingu, mkeka wake ulimfaa kuliko shuka zote mbili za ihramu.

CHA KUJIFUNIKA

Hapo ndipo blanketi linapoingia. Lililo bora ni la sufu, kwa sababu sufu hata ikilowa kidogo haipotezi joto lake lote. Pamba ikilowa ni adui. Ukitaka kujua blanketi ni la namna gani, mwombe mwenye duka uzi mmoja uliochomoza, uuchome kwa kiberiti, mbali na nguo nyingine. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika. Pamba hunuka kama karatasi. Nyuzi za kiwandani huyeyuka zikafanya kidonge kigumu.

Wengine hupenda mifuko ya kulalia ya mitumba, nayo hufaa sana, kwani ni myepesi na hufunika mwili pande zote. Uikamate juu ya mwanga uone kama kuna mahali ambapo vijazo vimekwisha. Uifinye kwa mkono. Ikijaa tena upesi, ingali hai, na ikibaki imelala, imezeeka. Jaribu zipu yake mara tatu. Ile iliyojazwa manyoya laini ya bata ni nyepesi kuliko zote, lakini ikilowa haina faida, basi kwa safari ya masika chagua iliyojazwa nyuzi za kiwandani.

Mifuko mingi iliyotoka Ulaya ina kibandiko chenye hesabu tatu za digrii. Hesabu ya kwanza ni ya baridi ambayo mwanamke wa kawaida ataweza kulala kwa raha. Ya pili ni ya mwanamume wa kawaida aliyejikunyata, na ya tatu ni ya kunusurika na kifo tu, wala si ya kulala. Wauzaji hupenda kuitaja ya tatu kwa sababu inavutia. Wewe soma ya kwanza. Usiku wa nyanda za juu joto huweza kushuka chini ya digrii 10, kwa hiyo tafuta mfuko ambao hesabu yake ya kwanza ni 5 au chini yake. Na kitu cho chote cha mitumba kifuliwe vizuri na kuanikwa juani kabla ya kutumiwa, usije ukachukua kunguni kuwapelekea wenyeji wako.

KUKAA MKAVU

Malazi mazuri yaliyolowa ni mzigo tu. Yafunge ndani ya turubai jepesi, na turubai hilo usiku litandikwe chini kabisa kuzuia unyevu. Weka kando suruali, fulana, soksi na kofia ambazo hazivaliwi ila wakati wa kulala. Hata uchoke namna gani, usilale na nguo ulizotembea nazo. Kula kabla ya kulala, maana mwili wenye njaa hauna kuni za kuwasha. Tena mfikapo, mzunguke mwone nani anatetemeka, nani hasemi sawasawa.

Mtaa wa Kariokor, jirani yetu, ulipata jina lake kutokana na jeshi la wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Maelfu ya wapagazi hao hawakurudi kwao, na wengi waliuawa na kuhara, malaria na homa ya mapafu, wala si risasi. Mtu wa miguu huangushwa na mambo madogo ya kila siku: chakula, maji, na mahali pa kulaza ubavu.

UZITO

Mzigo wote wa msafiri, pamoja na maji na chakula, ni vema usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wake, au zaidi kidogo kwa kijana mwenye nguvu. Mwenye kilo 70 na abebe 7 au 8. Nilimwambia kijana apeleke blanketi lake kwa muuza viazi alipime. Akarudi akicheka: kilo tatu na nusu! Nusu ya mzigo wake ingekuwa simba.

Ndipo nikamwuliza, "Na mama yako atajifunika nini?" Akajibu kwamba mama ana blanketi la kijivu, kuukuu, lililokuwa la marehemu baba, naye amekusudia kuliacha nyumbani kwa kuwa linamtia haya mbele ya wenzake. Nikamtuma alilete. Tukachoma uzi wa kila moja. Uzi wa simba ukayeyuka. Uzi wa lile kuukuu ukanuka nywele! Lilikuwa sufu tupu, nalo mizani ilionyesha kilo moja na nusu. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Tukakubaliana hivi: mama achukue blanketi lake la sufu na mkeka wa sponji ulio mzuri, kwa kuwa mwili wa mtu mzima hushindwa na baridi upesi kuliko wa kijana. Kijana atafute mfuko wa kulalia Gikomba, na simba abaki nyumbani kitandani. Turubai moja litawatosha wote wawili.

Lakini nikampa sharti moja zaidi, nalo nawapa wasomaji wote. Kabla ya kuondoka, lala usiku mmoja juu ya saruji na vile vile tu utakavyobeba, pasipo kuongeza hata shuka. Kosa utakaloligundua mlangoni pako, utalisahihisha kwa nauli ya kwenda sokoni. Ukiligundua Timboroa, utalilipia kwa afya yako.

Neno la mwisho ni la chandarua. Baada ya Eldoret njia hushuka, na mpakani na huko Uganda baridi hupungua, mbu wakachukua zamu. Watu wa Nairobi hatuna kinga kubwa ya malaria. Kila mmoja awe na chandarua chenye dawa, na amwone daktari kabla ya safari kuhusu vidonge vya kuzuia homa hiyo. Mkeka usiutupe hata kama joto limerudi, maana Namugongo mahujaji wengi hulala nje wakingoja siku kuu, na mara nyingi ardhi huwa mbichi.

Jana asubuhi kijana alirudi, macho mekundu. Alikuwa amelala barazani kwao, na mama yake sakafuni chumbani, mlango wazi. Mama alilala hata jogoo wa pili. Yeye mwenyewe aliamka saa nane za usiku kwa sababu maboksi yalimfika magotini tu, na miguu ikaganda. Nikampa magazeti ya zamani ayatandike miguuni, na hili nalo ruhusa nampa alitandike, ila alisome kwanza.

Kwa wote waendao, nawatakia safari njema, na mrudi salama.