Muuguzi Mwanamume Si Daktari Mdogo

Hapa mpakani, Busia hata Tororo, mgonjwa akimwona mwanamume mwenye sare wodini humwita daktari. Mwanamke aliyesomea udaktari huitwa sista. Wenzetu wengi huitikia tu ili kazi iendelee. Sisi twasema waache.

Wanaodai kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake tangu zamani hawaijui historia yetu. Katika hospitali za serikali ya kikoloni, Kenya na Uganda, waliofunga vidonda na kukesha na wagonjwa walikuwa zaidi wanaume, yaani madresa. Mwaka 1917, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, vijana wa kiume waliosoma shule za misheni Uganda waliundiwa kikosi cha tiba. Waliwauguza wapagazi waliokuwa wakifa kwa kuhara damu, kazi ya kuosha na kubeba vyombo vya choo, na hatujasikia kwamba walirudi kwao wakiwa wanaume nusu.

Na Mwingereza huyohuyo, kwao, chuo cha Florence Nightingale cha 1860 kilikuwa cha wanawake, na sheria ya 1919 iliwaandika wauguzi wanaume katika sehemu ya pembeni ya daftari mpaka 1949. Kazi ilikuwa moja. Aliyeamua ni ya kike au ya kiume ni mwajiri, kwa kadiri ya haja yake.

Haja hiyo ina bei. Kazi ikishaitwa ya kike, mwajiri huona mshahara mdogo unaitosha. Na huyu ndugu anayeitikia "daktari" halipwi hata senti ya udaktari, ila mambo yakiharibika lawama ni yake. Mwaka 2017 madaktari wa Kenya walimaliza mgomo wao mwezi Machi kwa mkataba wao. Wauguzi waligoma tangu Juni hadi Novemba, wake kwa waume, na miezi hiyo hakuna mwajiri aliyemwita muuguzi yeyote daktari.

Mama mjamzito asiyetaka kuhudumiwa na mwanamume ana haki yake, asilazimishwe. Hilo ni jambo lingine. Mwanamume naye asirushwe cheo juu ya dada aliyemtangulia kazini kwa sababu ya suruali tu.

Tunataka beji iandikwe MUUGUZI kwa herufi kubwa, pande zote mbili za mpaka. Na mwenzetu akiitwa daktari ajibu: "Mimi ni muuguzi, mama. Daktari ni yule dada pale."