Timu ya Kata ni Mlango wa Afya ya Wanaume

Mwaka 1986 klabu ya Tukuyu Stars, ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Mashabiki wake waliiita Banyambala, neno la Kinyakyusa lenye maana ya wanaume. Klabu hiyo haikudumu kileleni, na vijana wengi wa Rungwe leo wanaifahamu kwa masimulizi ya wazee. Hata hivyo, jina lile lingali na funzo kwetu sisi wa sekta ya afya. Wanaume ndio tunaowakosa katika zahanati zetu, na ndio hao hao wanaojaa kandokando ya uwanja kila kunapokuwa na mechi.

Hoja yangu ni hii: ushabiki wa timu ndogo ya nyumbani, ile ya kijiji au ya kata, ni jambo lenye manufaa kwa afya, nasi wahudumu tunapaswa kuuheshimu na kuutumia. Sisemi hivyo kuhusu ushabiki wa kila namna, kwa kuwa zipo namna zinazodhuru.

Mkazi wa Masukulu anaweza kuwa shabiki kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuketi katika kibanda umiza, mahali pasipo hewa ya kutosha, akitazama vijana wa London au Manchester ambao hawatamjua kamwe, mkononi akiwa ameshika mkeka wa kubeti uliomeza fedha ya mbolea. Ya pili ni kupanda na kushuka vilima kwa miguu, kupita kati ya migomba na mashamba ya chai, hadi kwenye uwanja wa shule ambako timu ya kata inacheza. Hapo anamjua golikipa na mama yake. Timu ikishinda, hushangilia na majirani. Ikifungwa, hurejea nao njiani wakilaumiana na kucheka. Mvua ya Rungwe nayo haimzuii.

Tofauti hiyo imechunguzwa. Daniel Wann, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Murray State nchini Marekani, ametumia miaka mingi kuchunguza mashabiki wa michezo, zikiwamo timu ambazo jina lake halivuki mipaka ya mji. Amegundua kwamba wanaojifunga kwa dhati na timu ya mahali pao huwa na upweke mdogo na utulivu mkubwa zaidi wa nafsi, na kwamba uhusiano huo hauonekani kwa uzito uleule kwa mashabiki wa timu za mbali. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba ushabiki ndio chanzo cha afya njema. Lakini unakubaliana na jambo lililo wazi zaidi: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliojumuisha tafiti 148 na watu zaidi ya 300,000, ulionyesha kwamba wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa takriban asilimia 50, kuliko waliokosa mahusiano hayo. Mzee aliyefiwa na mkewe, ambaye kila wiki anangojwa na wenzake chini ya mti uleule uwanjani, ana kinga ambayo hatuwezi kumwandikia kwenye cheti cha dawa.

Upande wa pili wa sarafu usifichwe. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006, madaktari wa Munich na maeneo jirani walihesabu dharura za moyo. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura hizo zilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya kawaida, nyingi zikitokea ndani ya saa mbili za mwanzo wa mchezo, na waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo walikuwa hatarini zaidi. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayeacha vidonge siku ya fainali, akanywa pombe tangu asubuhi na kuweka rehani mavuno yake, anajiandalia kiharusi. Anachopaswa kuacha ni pombe, mkeka na uzembe wa dawa. Mpira abaki nao.

Mfano wa kuutumia ushabiki tunao kutoka Uskoti. Watafiti wa huko waliona kwamba wanaume wanene wa umri wa miaka 35 hadi 65 hawaji kwenye programu za kupunguza uzito. Badala ya kuendelea kuwaita, waliwafuata katika klabu 13 za mpira wanazozipenda. Kwa wiki 12 wanaume hao walikutana uwanjani, wakafundishwa na makocha wa klabu kuhusu chakula na mazoezi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2014: kati ya wanaume 747, waliopitia programu hiyo walikuwa wamepungua, baada ya mwaka mmoja, karibu kilo 5 zaidi ya wenzao ambao hawakuipitia. Mkulima wa Masukulu anayeshinda na jembe hahitaji mafunzo yaleyale. Kinachofaa kuigwa ni mlango walioutumia: mwanaume anayeona haya kukaa kwenye benchi la zahanati haoni haya kusimama penye rangi za timu yake.

Basi zahanati iende uwanjani. Mhudumu mmoja, kipimo cha shinikizo la damu, meza na viti viwili vinatosha kuanza. Upimaji ufanyike kabla ya mechi, kwa kuwa kelele na hamaki hupandisha shinikizo. Mtu aketi kimya dakika tano, mahali pa pembeni ambapo majibu yake hayasikiki kwa wengine. Anayefikia 140 kwa 90 au zaidi asitangaziwe ugonjwa hapohapo. Aandikiwe siku ya kurudia kipimo katika zahanati. Anayefikia 180 kwa 120 apumzishwe na kupimwa tena. Akibaki juu hivyo aonwe na tabibu siku hiyohiyo, na akiwa na maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali bila kusubiri filimbi ya mwisho.

Wapo watakaopinga kwamba kupima watu bila kuwa na dawa ni kuwatia hofu tu. Nakubaliana nao, na kwa sababu hiyo mganga mfawidhi ahakikishe kwanza kwamba dawa za msingi zipo, ndipo meza ipelekwe uwanjani. Mwanaume aliyejitokeza mara moja akarudishwa mikono mitupu hatajitokeza tena, na atawasimulia wenzake.

Jambo la mwisho linawahusu wachezaji wenyewe. Desemba 2016 kijana wa Mbao FC alianguka akiwa mchezoni katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, akafariki. Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka vivyo hivyo jijini Copenhagen moyo wake ukasimama, akapona kwa kuwa waliokuwapo walianza mara moja kukandamiza kifua na mashine ya kushtua moyo ilikuwa karibu. Mashine hiyo viwanja vya kata havina, lakini mikono ipo. Aliyeanguka ghafla, asiyeitikia wala kupumua kawaida, akandamizwe katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari. Kila timu iwe na watu wawili waliofundishwa kazi hiyo. Mafunzo yake ni ya saa chache tu.

Kwa mgonjwa anayesoma ukurasa huu: ichague timu ya kwenu, hata kama inashika mkia. Nenda kwa miguu kadiri daktari wako alivyokuruhusu, umeze dawa kabla ya kutoka nyumbani, na ukisikia kifua kinabana, ondoka na useme. Kwa mhudumu mwenzangu: ratiba ya ligi ya kata ibandikwe ukutani kando ya ratiba ya chanjo. Inatuonyesha siku na mahali ambapo banyambala watakuwapo.