Jino la kuziba limekuwa la kung'oa!

Leo mwenzio nacheka kwa upande mmoja tu, maana upande wa pili kuna pengo.

Lilianza kama mchezo. Nikinywa chai ya moto, jino linashtuka. Nikitafuna kashata, linanikumbusha kwamba lipo. Mama akasema, "Mwanangu, nenda wakalizibe mapema." Mimi nikajifanya mwanaume. Kumbe naogopa sindano! Nikabana karafuu, maumivu yakatulia, nikaendelea na mitaa yangu ya Ujiji. Jamaa mmoja akanishauri nibandike aspirini kwenye ufizi. Jamani, msijaribu! Iliniunguza ufizi, na jino likaendelea kuuma vilevile.

Miezi minne baadaye nikaamka shavu limevimba kama nimeficha embe. Mgebuka wa kukaanga uko mezani, mdomo haufunguki. Bibi akacheka weee! "Mjukuu wangu, umeshindwa na kitu cha ukubwa wa punje ya hindi?"

Nikapanda daladala hadi Kigoma mjini. Daktari akaniangalia, akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, ungewahi tungeliziba. Sasa limeoza mpaka kwenye mzizi. Na huu usaha ukiteremkia shingoni, unaweza kukuua." Kuniua? Jino? Nikanywea. Akanipa dawa, akasema nirudi uvimbe ukipungua.

Siku ya siku, nikiwa kwenye benchi, nikamkumbuka Dk. Livingstone, yule aliyekutana na Stanley hapa kwetu Ujiji mwaka 1871. Mzee yule aliandika kwamba alipokuwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, aling'oa meno yake mwenyewe kwa uzi. Hakuwa na ganzi. Mimi ganzi ninayo, daktari ninaye, na bado natetemeka!

Sindano iliuma kidogo, kisha mdomo ukawa mzito kama si wangu. Koleo likaingia, nikasikia kitu kinakatika, basi. Nikapewa pamba ya kung'ata nusu saa. Siku hiyo hakuna kusukutua wala sigara. Kuanzia kesho yake, maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Koleo halikuniuma. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba jino lile lilikuwa la kupona, nikalipoteza kwa woga.

Wewe unayesoma huku umeshika shavu, kunja gazeti, nenda. Mimi nipo, nalia na pengo langu. Tukutane wiki ijayo!