MAJI YA MAGOTINI (Masika na watoto wetu, sehemu ya 3)

Mama, leo naongea na wewe wa Tabata, na wewe wa Kigogo, Segerea na Kinyerezi, wote ambao mvua ikinyesha usiku, asubuhi swali la kwanza siyo chai, ni "mto unapitika?"

Na jibu la mtaani ni lile lile: "Unapitika, maji ya magotini tu."

Sentensi hiyo naichukia. Magotini kwa nani? Goti la kijana wa kuvusha ni kiuno cha mtoto wako wa chekechea. Halafu maji yanayokimbia hayapimwi kwa kina peke yake. Sentimita 15, yaani hata hayajafika katikati ya muundi, yakienda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuinua gari dogo. Sasa wewe una mtoto mgongoni, pochi begani, viatu mkononi, na unakanyaga tope usiloliona.

Tuongee mbeleko, maana hapa ndipo ninapogombana na watu. "Nesi, mimi nimemfunga vizuri." Kumfunga vizuri ndiyo hatari yenyewe! Ukiteleza ukaanguka chali, yeye ndiye yuko chini, wewe uko juu yake. Fundo la kanga lililolowa halifunguki haraka hata ukiwa nchi kavu, seuze majini. Na usitegemee kumsikia. Mtoto anayezama hapigi kelele, hana pumzi ya kulia. Dakika chache bila hewa, ubongo unaanza kufa.

"Basi nampa kijana amvushe, nalipa buku." Wale vijana siwatukani, wanatafuta riziki, na wapo waliookoa watu. Lakini mtazame ana nini. Hana kamba iliyofungwa ng'ambo, hana boya, hajui kama chemba iliyokuwa na mfuniko jana leo bado inao. Ana uzoefu tu, na uzoefu wake ni wa mto wa jana. Usiku mmoja wa mvua mto unakula kingo na kuchimba shimo pale pale mlipopita juzi. Na ule mkokoteni mnaopanda watu sita, gurudumu likizama mnaanguka wote kwa pamoja.

Kingine: "mvua imekatika tangu alfajiri." Jamani, Msimbazi hauanzi Tabata. Unatoka vilima vya Pugu, kule Kisarawe, unakuja unakusanya maji ya mitaro ya mitaa yote. Mvua ya huko inakufikia baadaye, wewe ukiwa umeshaanika nguo. Asubuhi unavuka maji ya muundi, saa nane unarudi na mtoto unakuta mto mwingine kabisa.

Wanaosema "tumezaliwa hapa, tumevuka tangu utoto", nao niwakumbushe. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam, na hao nao walikuwa wakazi wa jiji hili. Aprili 2024 kule Arusha gari la shule lilisombwa kwenye korongo lililofurika, watoto wakafa. Gari, mama. Siyo mgongo wa mtu.

Sasa nigeukie wale ambao video ikisambaa wanaandika "mama mzembe huyo". Hakuna mama anayevuka mto kwa starehe. Anavuka kwa sababu bosi wake Kariakoo anakata siku nzima kwa kuchelewa saa moja. Anavuka kwa sababu shule inafunga geti na kuchapa waliochelewa. Mwalimu unayemchapa mtoto aliyechelewa kwa mafuriko, unamfundisha kuvuka. Hilo ndilo somo analorudi nalo nyumbani.

Na wauguzi wenzangu mnaofokea mama aliyepitiliza tarehe ya kliniki, acheni. Chanjo iliyochelewa wiki moja inatolewa wiki inayofuata, hatuanzi upya. Mama, ukifokewa sema mto ulijaa, na usiondoke hapo mpaka mtoto achanjwe.

Najua mtaniambia kuna mradi wa Bonde la Msimbazi, na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliopitishwa 2022. Ni kweli, na Jangwani panahitaji daraja la juu. Lakini daraja la Jangwani halitakuvusha wewe kwenye kile kivuko cha nyuma ya nyumba. Hicho ni cha kupigia kelele mkutano wa mtaa, tena kabla ya Machi, siyo maji yakishafika mlangoni. Na wazazi mnaovuka sehemu moja nendeni shuleni pamoja, mkiwa kumi mwalimu mkuu atawasikiliza.

Kuna visivyosubiri: uchungu, degedege, mtoto anayepumua kwa shida. Ndiyo maana nawasumbua mjipange mapema. Mjamzito, kama tarehe yako inaangukia Machi mpaka Mei, wiki ya 37 ikifika hamia kwa ndugu aliye upande wenye hospitali. Siyo aibu, hata ukilala kwa wifi msiyeelewana. Baba, weka pembeni nauli ya kuzunguka barabara ndefu yenye daraja. Ni ghali, najua, bajaji siku ya mvua wanajipangia bei. Iweke hivyo hivyo. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, iandike ukutani, siyo kwenye simu itakayozima chaji.

Sehemu ya 4 naandika kesho nikitoka zamu ya usiku: mtoto akitolewa majini, ufanye nini kabla usafiri haujafika. Kwa leo shikeni hili moja, maana mvua haitanisubiri niandike: msimshike miguu mkamning'iniza kichwa chini eti maji yatoke. Mlaze chali. Kama hapumui, mpulizie pumzi mara tano, mdomo wako ukifunika mdomo na pua yake kama ni mchanga, kisha anza kumkandamiza kifua, huku mwingine anapiga simu.