Walipeni wanafunzi wa uhandisi wa programu

Mwezi Mei unapowadia, jiji la Nairobi hupokea kundi kubwa la vijana waliovalia mashati yaliyopigwa pasi vyema, kila mmoja akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Hawa ni wanafunzi wa vyuo vikuu wanaosaka mahali pa kufanyia mafunzo ya nyanjani, yale ambayo wenyewe huyaita atachimenti. Leo nataka kulizungumzia kundi moja miongoni mwao, yaani wanafunzi wa uhandisi wa programu za tarakilishi, kwa sababu dhuluma wanayotendewa ni ya aina yake, na kwa sababu mmoja wao ni mpwa wangu.

Mwaka jana kijana huyo, akiwa katika mwaka wa tatu wa masomo, alipokelewa na kampuni moja ya Westlands ambayo sitaitaja. Kampuni hiyo huunda programu za kuwekea hesabu za vyama vya akiba na mikopo. Majuma mawili ya kwanza alitumwa chai na kutoa fotokopi. Hilo halikunishtua, sote tuliotangulia tulitumwa chai. Juma la tatu mhandisi mmoja aliacha kazi ghafla, na mpwa wangu akakabidhiwa sehemu ya programu inayokokotoa riba ya mikopo iliyocheleweshwa. Sehemu hiyo ilikuwa na hitilafu iliyofanya baadhi ya wanachama watozwe riba mara mbili. Kijana aliisaka hitilafu hiyo kwa siku tisa, akaipata, kisha akaiandika upya sehemu nzima. Kufikia mwisho wa Julai kazi yake ilikuwa ikitumiwa na wateja waliotoa pesa taslimu. Yeye hakupewa hata nauli.

Anaishi Kangemi. Asubuhi alitembea kando ya Barabara ya Waiyaki hadi Westlands, na jioni akapanda matatu iwapo mfuko uliruhusu. Tulipoketi tukapiga hesabu, tuligundua kwamba nauli, chakula cha mchana na bando ya intaneti vilimgharimu takriban shilingi 300 kwa siku, hata alipojibana. Kwa siku 60 za kazi, hizo ni shilingi 18,000, kabla ya kuongeza bima ya ajali aliyotakiwa kujinunulia. Fedha hizo zilitoka Kakamega, ambako dada yangu aliuza mbuzi watatu. Kwa maneno mengine, mbuzi wa dada yangu ndio walioilipia kampuni ya Westlands mhandisi wake.

Najua jibu litakalotolewa. Nitaambiwa kwamba mwanafunzi huenda nyanjani kujifunza wala si kuchuma, na kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hoja hiyo ina uzito katika baadhi ya taaluma. Mwanafunzi wa udaktari haachiwi mgonjwa peke yake, na mwenye kumfundisha hupoteza muda mwingi kuliko anaookoa. Lakini programu ni bidhaa ya ajabu. Mistari iliyoandikwa na mwanafunzi, ikishapimwa na kukubalika, hufanya kazi sawasawa na ile ya mhandisi mwenye tajriba ya miaka 20. Hunakiliwa karibu bila gharama na kuuzwa kwa mteja wa pili, wa tatu na wa mia. Mwenye kuiandika akisharudi chuoni, yenyewe hubaki ikimchumia mwajiri usiku na mchana.

Wapenzi wa fasihi huenda wakashangaa kusikia kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya tarakilishi kuwa kazi ya fasihi, ikaketi jamvi moja na riwaya na tamthilia. Hakimiliki ya kazi kama hiyo huanza kwa aliyeitunga. Mwajiri huipata ama kwa kuwa mtunzi ni mwajiriwa wake kwa mkataba, ama kwa kuwa yeye ndiye aliyeiagiza kazi yenyewe. Je, mwanafunzi asiye na mkataba wala ujira ni mwajiriwa wa nani? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua mwanagenzi aliyefunga mkataba kuwa mwajiriwa, lakini barua ya atachimenti, ambayo aghalabu ni ukurasa mmoja wenye mhuri, si mkataba. Ningekuwa mwenye kampuni ya programu, ningelipa ujira huo hata kwa kuogopa swali hilo tu.

Si kwamba tunaombwa kubuni jambo jipya. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati nchini Marekani, mhadhiri aitwaye Herman Schneider alianza mpango wake na wanafunzi 27 wa uhandisi. Aliwapanga wawili wawili: mmoja alipokuwa darasani, mwenzake alikuwa kiwandani akifanya kazi ya kulipwa, na kila juma wakabadilishana. Nafasi ya kiwandani haikukaa wazi, kwa hivyo mwenye kiwanda aliweza kuitegemea. Chuo Kikuu cha Waterloo, kule Ontario nchini Kanada, kiliufuata mpango wa namna hiyo tangu kilipoanza kufundisha mwaka 1957 kikiwa na wanafunzi 74, ila kwa vipindi virefu zaidi. Siku hizi mwanafunzi wa uhandisi wa programu chuoni humo hupishanisha miezi minne ya masomo na miezi minne ya kazi. Anapohitimu, baada ya takriban miaka mitano, huwa amekaa kazini muda unaokaribia miaka miwili, akilipwa.

Sisemi Waterloo ni peponi. Vijana hung'ang'ania nafasi, wengine hukataliwa mara kadhaa, na kuhama nyumba kila baada ya miezi minne kunachosha. Lakini hakuna anayetarajia mhandisi mchanga aunde programu bure.

Kwangu mimi, faida kubwa ya ujira si fedha zenyewe. Ujira humlazimisha mwajiri afikiri. Anayelipa shilingi 20,000 kwa mwezi hatamtuma mtu huyo chai kwa majuma mawili. Karani wa fedha atauliza. Atatafuta mhandisi mkuu wa kumwelekeza, atampa kazi inayopimika, na kijana asipofaa atamwambia mapema. Mpwa wangu hakusimamiwa na mtu yeyote aliyekuwa na wajibu wa kumsimamia. Hitilafu ile aliipata kwa ujasiri wake, na lau angeikosa, wanachama wangeendelea kutozwa riba mara mbili na lawama ingemwangukia 'yule mwanafunzi'. Mhadhiri wake alifika mara moja, akanywa chai, akatia sahihi katika daftari la kumbukumbu, akaondoka.

Hapa vyuo vyetu havina budi kubeba sehemu ya lawama. Kwa nini wanafunzi wengi waachiliwe mjini katika miezi ile ile, kati ya Mei na Agosti, wakigombania viti vile vile, kisha watoweke wote kwa pamoja? Mwajiri atamlipa vipi mtu ambaye anapoanza kuielewa kazi ndipo anapofunga virago? Ratiba ya masomo ikigawanywa ili kundi moja liwe kazini lingine likiwa darasani, kampuni itakuwa na mwanafunzi Januari hadi Desemba, na kiti hicho kitastahili mshahara. Kuna wakuu wa idara watakaosema ratiba haiwezi kubadilishwa. Schneider aliibadilisha kwa kalamu na karatasi.

Hofu ya kampuni ndogo siipuuzi. Kampuni nyingi za programu hapa nchini zina watu sita au wanane, na nyingine hulipa kodi ya ofisi kwa kuchelewa. Zikishurutishwa kulipa bila kusaidiwa, baadhi zitafunga milango, na mwanafunzi maskini atakosa hata ile nafasi ya bure. Mwaka 2016 serikali iliweka kanuni za kuwapunguzia kodi waajiri waliowapokea wanagenzi, lakini zililenga waliokwisha kuhitimu, na mwajiri alitakiwa kuwachukua wasiopungua 10. Kampuni ya watu sita itawaweka wapi wanagenzi 10?

Mfuko wa kusaidia upo. Kwa miaka mingi waajiri wamekuwa wakitoa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ikiwa ni tozo ya mafunzo inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Tozo hiyo hutumika kurejeshea waajiri gharama za kuwafunza wafanyakazi wao. Napendekeza kwamba kampuni yenye watu wasiozidi 20, ikimlipa mwanafunzi wa chuo kikuu kwa mkataba ulioandikwa, irejeshewe nusu ya ujira huo kutoka kwenye tozo hiyo hiyo. Kampuni kubwa, hasa benki na zile za simu, zijilipie zenyewe. Nchi ambayo imetuma pesa kwa simu tangu mwaka 2007 inajua vyema utajiri unaotokana na mistari ya maagizo ya tarakilishi.

Juma lililopita mpwa wangu alinipigia simu. Kampuni ile ya Westlands imemwomba arudi likizo ijayo, kwa kuwa hakuna mwingine anayeielewa sehemu ile ya riba. "Mjomba, niende?" akaniuliza. Nikamwambia awaandikie barua ya heshima, aitaje nauli, chakula na ujira wa mwezi, na aombe mkataba kabla ya kugusa mashine yao. Aliipeleka Jumatatu. Mpaka ninapoandika haya, bado hawajamjibu.