Data za kaya ziko kwenye laptop yako, siri ya jirani je?

Sensa ya Agosti 23, 2022 ilitufikia Goba kama kwingineko. Taifa likahesabu watu 61,741,120. Kila karani alikula kiapo cha kutunza siri.

Leo mwanafunzi anaweza kuomba data za tafiti za kaya kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), akazichambua kwa R, programu ya bure isiyohitaji leseni ya kulipia. Hilo ni jema. Shida ni mazoea yetu.

Majina huondolewa kabla data hazijatolewa. Lakini jina si kila kitu. Changanya eneo, umri, kazi na idadi ya watoto, mtu wa mtaani atasema, "Huyu namjua!" Ndiyo maana mwombaji huwekewa masharti: usijaribu kumtambua mtu, usimpe mwingine faili.

Sasa tunafanyaje? Faili linarushwa kwenye grupu la WhatsApp. Nywila inaandikwa ndani ya kodi, kisha kodi inapandishwa GitHub kila mtu aione. Kumbe R ina faili la pembeni, .Renviron, la kuweka nywila nje ya kodi. Nalo libaki kwenye mashine yako, usilipandishe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023. Lakini sheria haiwezi kukaa inachungulia kila laptop.

Karani aliapa. Mchambuzi naye aibebe ahadi hiyo. La sivyo, siku nyingine karani akibisha hodi, watu watamdanganya, na takwimu zetu zote zitakuwa bure.