Kaloleni Haijafa, Imetelekezwa

Imani imeenea Nairobi kwamba Kaloleni, Ziwani, Bahati na Maringo ni mitaa mahututi, na dawa yake ni tingatinga. Wanasiasa wanaikariri, hata vijana waliozaliwa humo wameanza kuiamini. Imani hii ni potovu, na inawaumiza watu.

Tazama kilichooza Kaloleni. Si kuta zilizojengwa miaka ya 1940, hizo zimesimama. Kilichooza ni mabomba ya majitaka, mapaa yasiyokarabatiwa na taa za njiani zilizozimika. Kutengeneza hayo ni wajibu wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni kanjo, yaani baraza la jiji, siku hizi kaunti. Mpangaji akichelewesha kodi hufungiwa mlango. Mwenye nyumba akiacha mtaa mzima uoze kwa miongo, tunaambiwa mtaa umezeeka!

Mtaa wenyewe una uhai tele. Nyumba zimezunguka viwanja ambamo watoto hucheza mama zao wakiwaona. Mchuuzi anatembea kwa miguu hadi masoko ya Burma au Gikomba, nauli ya matatu ibaki mfukoni. Na katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh alisimama akadai uhuru wa Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye alikamatwa, akaja kuachiliwa mwaka 1961. Mahali kama hapo hapafufuliwi kwa kufukuza wenyeji wake.

Nairobi inahitaji nyumba, sikatai. Ninachouliza ni nani atakayepewa ufunguo. Mama mboga hana hati ya mshahara ya kupeleka benki kuombea mkopo, na nyumba ikibomolewa hufukuzwa tu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wapangaji wa mtaa wa Muthurwa zilikiukwa katika jaribio la kuwafurusha. Uamuzi huo ulipaswa kubadilisha mwenendo wetu wote.

Njia nyingine ipo. Mtaa wa Buruburu uliuzwa kwa wakazi kwa mikopo kuanzia miaka ya 1970, nao wakaongeza vyumba na maduka kwa pesa zao. Huko Dandora, vijana wa kikundi cha Mustard Seed walisafisha ua wao, wakapanda miti na kuulinda. Mtu hutunza mahali ambapo ana hakika ya kulala kesho.

Kaunti itengeneze kwanza mabomba ya Kaloleni. Kisha iwauzie wapangaji nyumba wanazoishi, kwa bei inayohesabu kodi ambayo familia zao zimelipa tangu enzi za mkoloni.